Gita la mbao lenye pikapu linavuma likiunganishwa kwenye amplifaya: kasoro iko ndani ya gita au kwenye waya wa ardhi wa nyumba?

Mpiga gita, Langoni, Lamu

Assalamu alaykum, wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada wa mafundi na wapigaji wenzangu kuhusu gita la mbao lenye pikapu ndani yake, lile linaloweza kupigwa tupu barazani na vilevile kuunganishwa kwenye amplifaya. Pikapu yake ni ya piezo, yaani ule ukanda mwembamba unaolala chini ya kipande cha mfupa juu ya daraja, na ubavuni mna priamplifaya, yaani kikuza sauti kidogo cha awali, inayotumia betri ya volti 9 pamoja na tyuna ya kupimia nyuzi. Likipigwa tupu, sauti yake ni safi na sina lawama nalo. Likiunganishwa, hutokea mvumo mzito wa chini ambao haukomi hata nikizifunika nyuzi zote kwa kiganja, na nikipunguza sauti kwenye gita lenyewe mvumo hupungua kidogo tu.

Nimejaribu kuyachunguza mambo kwa utaratibu kabla ya kuuliza. Nikigusa chuma cha jeki, pale kebo inapoingia mwishoni mwa gita, mvumo hupungua. Nikigusa nyuzi, hakuna kinachobadilika. Nimeweka betri mpya na kutumia kebo nyingine bila kuona tofauti. Mahali napo panaleta tofauti: nyumbani kwangu Langoni mvumo ni mkubwa, lakini kwa rafiki yangu aliyeko Malindi, kwa gita hilohilo, amplifaya hiyohiyo na kebo hiyohiyo, ulikuwa mdogo ingawa haukwisha kabisa.

Lililonitia wasiwasi zaidi lilitokea arusini, tulipokuwa tumevuta umeme kwa waya mrefu kutoka nyumba ya jirani. Niliinama kuikaza plagi ya gita wakati mdomo wangu ungali karibu na maikrofoni, nami nikahisi mwasho mkali wa umeme midomoni. Mzee mmoja katika kikundi chetu, ambaye ninamheshimu sana, amenishauri ning'oe mguu wa tatu wa plagi ya amplifaya, kwa kuwa amewahi kuona mvumo ukikoma kwa njia hiyo. Sijafanya hivyo, na ningependa kujua kwanza mguu huo una kazi gani. Aidha, ninauliza kama kuna namna ya kubaini kasoro ilipo kabla sijalifungua gita, na kama nizifunge nyuzi waya wa ardhi kama yalivyo magita ya umeme.

Fundi wa redio na amplifaya, Malindi

Wa alaykum salaam, ndugu wa Langoni. Nianze na mguu wa tatu, kwa sababu hapo ndipo penye hatari na mengine yote yanaweza kungoja. Usiung'oe. Kwa heshima zote kwa mzee wenu, ni kweli kwamba mvumo mara nyingine hukoma mguu ule ukiondolewa, lakini hukoma kwa kuwa mojawapo ya njia mbili za ardhi imekatwa, na njia inayokatwa ndiyo iliyowekwa kuulinda mwili wa mpigaji. Bati la amplifaya hufungwa waya wa ardhi ili, waya wa moto ukichubuka ndani na kuligusa, mkondo mkubwa upite upesi kwenye waya huo na kukata fyuzi. Waya huo usipokuwapo, bati hubaki na volti 240 bila dalili yoyote ya nje, na kwa kuwa wavu wa kebo ya gita, yaani ngao ya nyaya inayouzunguka waya wa sauti, umeungwa kwenye bati hilohilo, volti hizo hufika mpaka kwenye jeki ya gita, na kwa magita ya umeme hufika kwenye nyuzi zenyewe. Les Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 alipoishika maikrofoni ambayo haikuwa imeungwa ardhini ipasavyo, na Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alifariki nyumbani kwake mwaka 1976 akipiga gita la umeme lenye kasoro ya namna hiyohiyo. Hao walikuwa watu wa kazi.

Mwasho uliouhisi wewe huenda ulikuwa wa aina ndogo zaidi, lakini usiudharau. Vyombo vingi vya siku hizi vina kapasita ndogo mbili mlangoni mwa umeme, moja kutoka waya wa moto hadi kwenye bati na nyingine kutoka nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, hadi kwenye bati, ambazo kazi yake ni kuchuja kelele. Bati likiwa limeungwa ardhini, uvujaji mdogo wa kapasita hizo huishia ardhini na hakuna anayeuhisi. Bati lisipoungwa, kapasita zile hulifanya lielee kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani, yaani volti kama 120, na ukiligusa chombo hicho kwa mkono huku mdomo uko kwenye maikrofoni iliyoungwa ardhini, mkondo hupita mwilini mwako. Mkondo huo kwa kawaida ni mdogo mno kuua. Hata hivyo, midomo haiwezi kupambanua mwasho wa kapasita na mwasho wa waya wa moto uliochubuka, kwa hiyo kila mwasho ni amri ya kuzima mitambo na kupima kabla ya kuendelea na wimbo.

Sasa tuuingie mvumo wenyewe. Maelezo yako yana dalili nzuri, na ya kwanza ni hiyo ya kitufe cha sauti. Kama mvumo ungekuwa unaingilia kwenye piezo au kwenye waya wake mwembamba, ungepungua pamoja na sauti ya gita unapoteremsha sauti, kwa kuwa vyote viwili vingekuwa vinapita kwenye kitufe hichohicho. Kwako hupungua kidogo tu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mvumo inaingia baada ya priamplifaya: kwenye jeki, kwenye kebo, kwenye amplifaya, au kwenye umeme unaoilisha amplifaya. Kebo umeshaibadilisha, kwa hiyo mimi ningeishuku jeki na umeme wa nyumba.

Dalili ya pili ni kugusa. Mwili wa binadamu hunasa umeme unaosambaa hewani kutoka kwenye nyaya za ukutani, nao huurusha tena kwenye saketi iliyo karibu, hususan saketi ya piezo ambayo ina ukinzani mkubwa sana na hunasa kila kitu. Unapogusa chuma kilichoungana na wavu wa kebo, mwili wako unakuwa sehemu ya ngao badala ya kuwa chanzo cha kelele. Kupungua kwa mvumo unapogusa jeki si tiba, bali ni ushahidi kwamba ngao mahali fulani ina upungufu. Kuhusu nyuzi kutobadilisha kitu, hiyo si kasoro: magita mengi ya piezo hayakuungwa nyuzi zake ardhini tangu kiwandani, kwa sababu piezo husikia mgandamizo wa mfupa na wala haitegemei sumaku na chuma cha nyuzi. Usikimbilie kuunga waya kwenye nyuzi kabla hujajua kama ardhi ya mitambo yako ni salama. Katika nyumba yenye hitilafu, utakuwa umejiwekea njia ya umeme vidoleni kwa hiari yako.

Fanya majaribio yafuatayo kwa mpangilio huu. Teremsha sauti ya amplifaya, chomoa kebo upande wa gita, kisha unganisha ncha ya plagi na shingo yake, ile sehemu ndefu ya chuma iliyoungwa na wavu, kwa kipande cha waya, kwa maana kebo iliyoachwa wazi huvuma yenyewe na itakupotosha. Pandisha sauti taratibu. Mvumo ukibaki vilevile, gita halina hatia na tatizo liko kwenye amplifaya au kwenye umeme wake. Ukikoma, rudisha kebo kwenye gita na usogee hatua inayofuata, ambayo ni kutumia amplifaya ndogo ya betri mahali palipo mbali na nyaya za umeme. Hapo umeme wa nyumba umeondolewa kabisa katika hesabu, na kelele yoyote inayosalia ni ya gita.

Kisha tafuta fundi wa umeme mwenye leseni apime soketi yako, usiipime wewe mwenyewe. Katika soketi nzuri, kati ya waya wa moto na nyutro atapata karibu volti 240, kati ya waya wa moto na ardhi atapata karibu hizohizo, na kati ya nyutro na ardhi atapata volti chache tu. Mwishowe, kebo ikiwa imechomolewa kwenye amplifaya lakini ingali ndani ya gita, na betri imetolewa, pima kwa multimita kutoka shingo ya plagi, upande wa kebo ulio huru, mpaka kwenye mguu wa jeki ulioko ndani ya gita unaobeba wavu. Inapaswa kuwa chini ya omu 1, na isichezecheze unapozungusha plagi. Ukiwa na matokeo, yalete hapa tuyasome pamoja.

Msimamizi wa mitambo ya sauti, Lamu

Ninaunga mkono maneno ya fundi, nami niongeze upande wa arusi na hafla, kwa sababu huko ndiko wapigaji wetu wanakoumia zaidi.

Jambo la kwanza ni kuutambua mvumo kwa noti yake, na chombo cha kufanyia hivyo tayari unacho kwenye gita. Umeme wa Kenya huenda kwa hezi 50, na mvumo wake husikika kwenye hezi 50 au kwenye 100. Noti ya G unayoipata kwenye kituo cha tatu cha uzi mnene ina hezi 98, na ile iliyo chini yake kwa oktavu moja ina hezi 49. Kwa hiyo ukiiweka tyuna ya simu mbele ya spika na ikakuonyesha G iliyopanda kidogo, isiyotikisika, basi huo ni umeme wa ukutani. Video nyingi za mafunzo zinatoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, nazo hukwambia utafute noti iliyo kati ya A yenye alama ya kupanda na B. Maelezo hayo hayatufai huku. Tukiwa kwenye jenereta, noti yenyewe hutembea: mashine ikilemewa na taa na friji ikashuka mpaka hezi 47, mvumo nao hushuka kuelekea F yenye alama ya kupanda. Mimi huisikiliza jenereta kwa njia hiyo hata kabla sijaenda kuitazama.

Tofautisha pia mvumo na mlio wa kurudi. Kasha la gita la mbao huitikia sana sauti zilizo karibu na hezi 100, na spika ikilielekea, sauti hujizungusha na kukua yenyewe. Huo hupungua ukiziba tundu la gita au ukigeuka, na hauna uhusiano wowote na waya wa ardhi. Wapo wanaobadilisha jeki na nyaya zote ndani ya gita kumbe dawa ilikuwa kuisogeza spika.

Kuhusu waya mrefu wa arusini: mara nyingi waya huo una nyaya mbili tu ndani yake, hauna wa tatu. Hapo vyombo vyote vinaelea, kila kimoja kwa volti zake, na mwimbaji anasimama katikati yao. Mazoea mengine yanayonisikitisha ni yale ya kuingiza plagi ya miguu miwili kwenye soketi yetu kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu au kijiti. Mguu mrefu wa ardhi ndio unaofungua vile vifuniko vya ndani, nao ulirefushwa makusudi ili ardhi itangulie kuungana kabla ya moto. Anayetumia kijiti amefungua mlango bila kuweka mlinzi.

Dawa yangu kwenye hafla ni kuhakikisha kwamba amplifaya, miksa na kila kinachoguswa na wapigaji vinatoka kwenye soketi moja, kupitia waya mmoja wa nyaya tatu na ubao mmoja wa soketi. Vikiwa na chanzo kimoja, havitofautiani volti za ardhi. Miksa ikilishwa kutoka nyumba ya bibi harusi na amplifaya ya jukwaani ikilishwa kutoka nyumba ya pili, ardhi za nyumba hizo mbili huwa haziko sawa, na tofauti yao hupita kwenye wavu wa kebo inayoviunganisha vyombo hivyo, nayo ikasikika spikani kama mvumo. Huo ndio mzunguko wa ardhi, na ndio ambao mzee wenu aliusikia ukikoma mguu wa plagi ulipong'olewa. Mahali sahihi pa kuukata ni kwenye kebo ya sauti, si kwenye waya wa umeme. Kisanduku cha DI, yaani cha kuunganisha gita moja kwa moja na miksa, chenye transfoma kina swichi ndogo inayoitenga ardhi ya kebo iendayo kwenye miksa, yaani mguu namba 1 wa plagi ya miguu mitatu ya maikrofoni. Ukiibonyeza, mvumo hukoma, na amplifaya yako inaendelea kulindwa na waya wake wa ardhi kama kawaida. Kisanduku hicho ni cha lazima kwa mpiga gita la piezo anayefanya kazi za jukwaani. Ningemshauri mtu akinunue kabla ya kanyagio lolote la kupamba sauti.

Mwisho, kama unachosikia si mvumo mzito bali ni mlio mkali wa kuchanachana, tazama balbu za LED za bei nafuu, swichi za kufifisha taa, chaja za simu, na zile inveta za sola ambazo umeme wake hautoki kwa wimbi laini. Zima kimoja baada ya kingine huku mwenzako akisikiliza.

Mpiga gita, Langoni, Lamu

Ninawashukuru sana. Nimefanya kama mlivyoelekeza, na fundi wa umeme amekuja nyumbani na mita yake.

Nilipounganisha ncha na shingo ya plagi bila gita, mvumo ulipungua lakini haukwisha, na tyuna ya simu ikaonyesha G iliyopanda kidogo. Kwa amplifaya ya betri, nikiwa juu darini mbali na nyaya, mvumo ulikuwa mdogo sana, ila kila nilipozungusha plagi ndani ya jeki ulisikika mkwaruzo, na pembe fulani ya plagi ilirudisha mvumo wote.

Vipimo vya soketi ni hivi: moto na nyutro volti 238, moto na ardhi volti 128, nyutro na ardhi volti 107. Fundi alifuatilia waya wa ardhi mpaka nje, akakuta umekatika karibu na pale unapofungwa kwenye fimbo ya shaba, na kibanio chake kimeota kutu ya kijani. Ndani ya gita, kutoka shingo ya plagi hadi mguu wa jeki, multimita ilianzia omu 0.5, ikapanda hadi 40 nilipogusa plagi, na mara nyingine ilionyesha njia imekatika kabisa. Kutoka mguu huohuo hadi kwenye wavu wa waya wa piezo ilikuwa omu 0.3, bila kutikisika.

Je, kasoro ni mbili? Na je, jeki hiyo inaweza kusafishwa, au niibadilishe?

Fundi wa redio na amplifaya, Malindi

Vipimo vyako vimesema kila kitu, nami nimefurahi kwamba ulimwita fundi wa umeme. Ndiyo, kasoro ni mbili, na kila moja ilikuwa ikiificha nyingine, ndiyo maana kubadilisha betri na kebo hakukuonyesha tofauti yoyote.

Ya kwanza ni ya nyumba. Volti 128 na 107 ukizijumlisha hukaribia zile 238, na huo ndio mwonekano wa ardhi iliyokatika: waya wa ardhi unaelea kati ya moto na nyutro, ukivutwa na kapasita za vyombo vyote vilivyochomekwa nyumbani. Ina maana kwamba bati la friji yako, la amplifaya na la kila chombo chenye plagi ya miguu mitatu yalikuwa na volti hizo, kwa hiyo jambo hili halihusu muziki peke yake. Linahusu kila mtu anayeishi humo, hasa watoto wanaotembea miguu mitupu juu ya sakafu yenye majimaji. Fundi asiishie kuunga waya uliokatika. Aweke kibanio kipya, apime ukinzani wa fimbo hiyo dhidi ya ardhi kwa kipimo chake maalumu, kwa sababu mchanga mkavu hupitisha umeme vibaya na fimbo fupi inayofaa wakati wa mvua za masika inaweza isifae katika miezi ya ukavu. Kama nyumba haina swichi ya kinga inayokata umeme panapokuwa na uvujaji wa miliampea 30, mwombe aiweke. Swichi hiyo ndiyo itakayomwokoa mtu hata siku ambayo waya wa ardhi utakatika tena bila ninyi kujua.

Ya pili ni jeki, na hapa dalili zote zinakubaliana. Omu 0.3 zisizotikisika kutoka mguu wa jeki hadi wavu wa piezo zinaonyesha kwamba waya wa ndani na maungio yake ya risasi ni mazima, kwa hiyo usiyaguse. Omu zinazopanda hadi 40 na kukatika ziko kati ya mguu wa jeki na shingo ya plagi, yaani ndani ya jeki yenyewe: ama chuma cha ndani kimeota kutu, ama mguu umelegea pale ulipobanwa kwenye kasha lake. Ngao inapokatika mahali hapo, sauti ya gita hukosa njia ya kurudi na kebo nzima hubaki ikinasa kelele za ukutani, na kitufe cha sauti kwenye gita hakiwezi kufanya lolote juu yake.

Kusafisha kunasaidia endapo kutu ni ya juujuu, na unaweza kuanza na hilo kwa kuwa ni rahisi: puliza dawa ya kusafishia maungio ya umeme ndani ya jeki, ingiza na kutoa plagi mara kadhaa, ngoja ikauke, kisha pima tena. Lakini kwa jeki iliyofika mahali pa kukatika, mimi huibadilisha. Bei yake ni ndogo na inayosafishwa leo hurudia tabia yake. Unaponunua mpya, sema wazi kwamba unataka jeki ya stereo ya gita la mbao, ile ndefu inayopita kwenye kizibo cha mwisho wa gita, yenye miguu mitatu. Mguu wa tatu katika jeki hiyo haubebi sauti. Huo ni swichi ya betri: plagi ya mono inapoingia, shingo yake huunganisha mguu huo na wavu, na upande hasi wa betri ukapata njia. Ukiweka jeki ya mono, utalazimika kuunga betri moja kwa moja na itakwisha hata gita likiwa limelala kitandani. Kwa sababu hiyohiyo kebo ya stereo huenda isiiwashe priamplifaya, na kebo iliyoachwa ndani ya gita usiku kucha huimaliza betri.

Kabla ya kufungua maungio ya zamani, piga picha ya rangi za nyaya na miguu zilipoungwa. Legeza nyuzi, ingiza mkono kwenye tundu, na ufungue nati ya nje ukiwa umeishika jeki kwa ndani isizunguke, kwa sababu jeki inayozunguka husokota waya mwembamba wa sauti mpaka ukakatika. Ncha ya chuma cha kuungia risasi iwe imepata moto wa kutosha ili kila ungio lichukue sekunde chache tu. Plastiki ya waya wa piezo huyeyuka upesi, na ikiyeyuka, waya wa katikati hugusana na wavu na gita likawa bubu.

Ukimaliza yote mawili, rudia vipimo kwa mpangilio uleule wa mwanzo. Sauti ndogo ya upepo itakayosalia ukiwa umepandisha amplifaya sana ni ya priamplifaya yenyewe, na haina G ndani yake.

Mwalimu wa muziki, Malindi

Nimeufuatilia mjadala huu kwa makini, nami naomba kuongeza mambo mawili yanayohusu pwani yetu.

La kwanza ni chumvi. Sisi tunaoishi karibu na maji hatuwezi kuizuia hewa yenye chumvi isiingie kwenye jeki, lakini tunaweza kuipunguzia kazi. Wanafunzi wangu huifuta plagi ya kebo kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga na kuliweka gita kwenye mkoba wake badala ya kulitundika dirishani panapopita upepo wa kusi. Plagi yenye kutu hupeleka kutu ndani ya jeki kila inapoingizwa, kwa hiyo ndugu yetu wa Langoni akiweka jeki mpya, azikague kebo zake za zamani pia, na plagi yoyote yenye madoa ya kijani aibadilishe.

La pili linahusu amplifaya zinazouzwa na wageni wanaorejea makwao. Hapa Malindi nyingi zimetoka Italia, na plagi zake zina miguu mitatu ya mviringo iliyopangwa mstari mmoja, ambapo ule wa katikati ndio wa ardhi. Adapta nyingi za madukani hupokea miguu miwili ya pembeni tu, au zina tundu la katikati lisilounganishwa na chochote, na mwenye amplifaya hudhani ana waya wa ardhi kumbe umeishia kwenye plastiki. Ni afadhali kuikata plagi hiyo na kumpa fundi aweke ya kwetu yenye fyuzi: waya wa kahawia kwenye moto, wa buluu kwenye nyutro, na wa kijani na manjano kwenye mguu mrefu.

Kwa kazi ya kurudisha jeki mahali pake, ambayo huwashinda wengi kwa kuwa mkono haufiki mwisho wa gita, pitisha uzi mwembamba wa zamani wa gita kutoka nje kwenye tundu la kizibo mpaka utokee kwenye tundu kubwa, uingize ncha yake ndani ya jeki mpya na uipinde ili ishike, kisha uivute taratibu mpaka jeki ichomoze nje, uvishe washa na nati juu ya uzi huohuo, na ukaze kabla ya kuuchomoa.